UZI: Mche wa shilingi 250 kutoka nyuma ya kitalu, na namna ya kuanza kuufanya bonsai

Mwalimu_Lanet

Habari zenu wapenda mimea.

Wiki iliyopita kijana wa jirani alinionyesha kwenye simu picha ya bonsai inayouzwa kwa bei ya mbuzi. Akaniuliza kama mtu wa kawaida wa hapa Nakuru anaweza kuwa na mti kama ule. Nikampeleka nyuma ya nyumba nikamwonyesha fikasi yangu, mti wa jamii ya mkuyu. Niliinunua shilingi 250 mwezi wa tatu mwaka juzi, na hadi leo vifaa vyote nilivyotumia havijafika elfu moja. Aliuliza maswali mpaka giza likaingia, ndipo nikaona ni heri niyaandike hapa wengi wafaidike.

Tuanze na jambo linalowapotosha wengi. Bonsai si aina ya mti, ni ufundi wa kuutunza mti ubaki mdogo kwenye chungu. Neno ni la Kijapani: *bon* ni sinia au chungu kifupi, *sai* ni kupanda. Wajapani nao walipokea ufundi huu kutoka China. Hakuna mbegu ya bonsai, kwa hiyo ukiona pakiti zimeandikwa "mbegu za bonsai" mtandaoni, hizo ni mbegu za miti ya kawaida. Fikasi yangu nikiitoa kwenye chungu na kuipanda shambani, itakuwa mti mkubwa kama wenzake.

Sasa nije kwenye kiini cha uzi huu. Ukifika kwenye kitalu, pita moja kwa moja hadi nyuma.

Mbele ya vitalu vya kando ya barabara hupangwa miche iliyonyooka, majani yanang'aa. Hiyo ni mizuri kwa ua. Ya kwetu iko kule karibu na tangi la maji: mche uliokaa kwenye karatasi (ule mfuko wa plastiki wa kitalu) miaka mitatu bila mnunuzi, mbuzi aliula ncha, ulijipinda kutafuta jua, mizizi imetoboa karatasi ikazama ardhini. Mwenye kitalu anakuuliza, "Huu? Chukua mwingine mzuri bwana." Usichukue mwingine. Mbuzi alipokula ncha, nguvu ilishuka kwenye matawi ya chini, na hayo ndiyo tunayoyahitaji. Mizizi ilipozama ardhini, shina likapata nafasi ya kunenepa.

Unene wa shina ndio pesa yako inanunua. Shina hunenepa mti ukiwa na majani mengi na mizizi isiyobanwa. Ukishauingiza kwenye chungu kifupi na kuupogoa kila mara, unene karibu usimame. Watu wengi hununua kijiti chembamba kama penseli, wakakiweka kwenye sahani nzuri, wakangoja. Miaka mitano baadaye kingali kijiti. Majani na matawi unaweza kuyaotesha upya. Shina nene la kuanzia huwezi kulipata kwa haraka, na pale nyuma ya kitalu kuna mtu ameshakungojea miaka mitatu bila kujua.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ufukue udongo wa juu kwa kidole, sentimita mbili au tatu. Miche mingi imefukiwa shingo, usipofukua hutajua shina linaanzia wapi. Unatafuta mahali shina linapopanuka na kugawanyika kuwa mizizi, kama mguu wa mkuyu mkubwa pale kando ya mto. Mizizi ikitawanyika pande mbili tatu, hapo umepata. Ukikuta mzizi mmoja mnene umelizunguka shina kama kamba, uache. Halafu tazama shina lenyewe: liwe nene chini, lipungue likipanda. Liwe na tawi la chini, lisiwe limenyooka kama nguzo ya stima.

Mti gani? Kwa anayeanza, fikasi ya majani madogo, ile wanayoiita benjamina. Inavumilia makosa. Duranta ya ua nayo ni rahisi na inachipua haraka, ila matunda yake yana sumu, mwenye watoto wadogo ayakate. Bogenvilia iliyozeeka ina shina la ajabu. Kayaba ya ua ina miiba mirefu lakini haichoki kuchipua.

Saiprasi msianze nayo. Nasema kwa uchungu kwa sababu mti wangu wa kwanza ulikuwa saiprasi, na niliupenda. Siku moja nilikata matawi, nikapunguza mizizi nusu nzima, nikaupanda kwenye karai. Ulibaki kijani wiki tano, nikawa nawaambia watu umeshika. Kumbe ulikuwa umekufa siku nyingi. Miti ya jamii hiyo huweza kufa na rangi isibadilike kwa wiki kadhaa. Tena ukiikata tawi hadi kwenye mti mtupu usio na kijani, haichipui hapo. Mtarakwa wetu wa milimani una tabia hiyo hiyo.

Kutokana na mti ule nilijiwekea sheria: jeraha moja kubwa kwa wakati mmoja. Nikikata juu, sigusi chini mpaka nione machipukizi mapya.

Kazi ya juu. Zungusha mche mezani mpaka upate uso wake, upande ambao mizizi inaonekana vizuri na shina linakujia kidogo kama mtu anayeinama kusalimu. Kisha pogoa. Matawi mawili yakitoka mahali pamoja pande mbili kama mabawa, bakiza moja. Matawi matatu yakitoka sehemu moja, pale patavimba, punguza. Linalokua kuelekea ndani, ondoa. Kwenye benjamina kuna onyo: kila tawi unalolifupisha libakie na majani angalau mawili matatu. Tawi la benjamina lililoachwa uchi mara nyingi hukauka hadi shinani. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi za baadhi ya watu, vaa glavu, na uupanguse kwa kitambaa chenye maji.

Waya wa kukunjia matawi. Nyaya za alumini za bonsai sijaziona madukani hapa. Mimi hununua hadiwea mita mbili za waya wa umeme wa shaba wa 2.5, namenya plastiki yote, nauweka juu ya jiko la makaa mpaka uwe mwekundu, nauacha upoe. Shaba iliyopita motoni huwa laini kama uzi mnene, na ukishaikunja kwenye tawi inakuwa ngumu yenyewe. Waya uwe na unene wa karibu theluthi ya tawi. Uzungushe kwa mshazari, usiubane, kisha kunja tawi polepole huku vidole gumba vikilishikilia kwa nje ya mkunjo.

Na ukague kila wiki. Niliwahi kusafiri kwenda kumuuguza mama, nikarudi baada ya miezi mitatu nikakuta waya umezama kwenye gome. Hapa kwetu hakuna majira ya baridi ya kuusimamisha mti, unakua mwaka mzima, kwa hiyo ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kuacha waya miezi mingi usiufuate kwenye fikasi. Wiki sita, nane, uondoe. Ukate vipande vipande kwa koleo, usiukunjue, utavunja tawi. Makovu yale bado ninayaona kila asubuhi.

Udongo nitaueleza kesho, hapo Nakuru tumebarikiwa.

---

Mgeni58

Mwalimu shikamoo. Uzi mzuri sana. Swali: naishi nyumba ya kupanga Section 58, sina uwanja, nina kibaraza tu. Naweza kuiweka sebuleni karibu na TV?

---

Mwalimu_Lanet

Marahaba. Kibarazani inatosha, sebuleni hapana. Huu ni mti, unahitaji jua na hewa. Fikasi huvumilia dirisha lenye mwanga mwingi, lakini karibu na TV itanyong'onyea tu. Wageni wakija, iingize jioni moja, kesho itoe. Pia usishtuke ikimwaga majani wiki ya kwanza baada ya kuihamisha. Benjamina hufanya hivyo ikibadilishiwa mahali.

Sasa udongo. Mnayajua yale mawe mepesi ya kijivu ambayo mafundi wakichimba msingi huku kwetu wanayatupa, ukiyaweka kwenye ndoo ya maji yanaelea? Ni pumisi, yalitoka kwenye volkano, na Menengai iko pale juu inatutazama. Wapanda bonsai wa nchi nyingine huyanunua kwa mifuko. Yana vitundu vinavyoshika maji kidogo na kuacha hewa ipite, na mzizi bila hewa huoza. Mimi nayaponda, nachekecha kwa wavu wa dirisha wa kuzuia mbu ili vumbi lote litoke, nabakiza punje za ukubwa kati ya mchele na maharagwe. Sehemu mbili za pumisi, sehemu moja ya mboji iliyoiva. Vumbi msilionee huruma, ndilo linaloziba chungu.

Baada ya machipukizi kutoka, wakati mvua za masika zinaanza, nilitoa fikasi kwenye karatasi, nikachambua mizizi kwa kijiti kuanzia nje, nikakata theluthi ya chini. Chungu kiwe na matundu, matundu yafunikwe kipande cha wavu, na mti ufungwe kwa waya unaopita matundu hayo. Mti unaotikisika na upepo hukata mizizi yake michanga kila siku. Jaza udongo ukiusindilia kwa kijiti mpaka pasibaki mwanya, mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe safi. Kivulini wiki mbili. Mbolea subiri mwezi mmoja au zaidi.

---

Nyar_Kisumu

Mwalimu, pumisi yenu mbaki nayo huko. Sisi huku upande wa Kano tuna udongo mweusi ambao ukinyesha ni ugali na ukikauka unapasuka mguu ukaingia. Nilipoteza duranta mbili ndani yake kabla ya kuelewa.

Ninachotumia sasa ni matofali ya kuchoma yaliyovunjika, yako kila mahali pa ujenzi, nayaponda na kuchekecha kama ulivyosema. Nachanganya na makapi ya mpunga kutoka Ahero niliyoyachoma mpaka yawe meusi lakini yasiwe jivu. Mti umekubali.

Ila na mimi nina la kupinga. Hiyo sheria ya jeraha moja ni ya saiprasi. Fikasi hapa Kisumu nimekata juu na chini siku moja, mara tatu, na zote zilichipua ndani ya wiki tatu. Joto letu linaisukuma. Kungoja miezi miwili ni kupoteza msimu.

---

Mwalimu_Lanet

Dada, nakubali kwamba fikasi inaweza, na Kisumu mko mita kama 1,100 juu ya bahari, sisi tuko zaidi ya 1,800. Usiku wa Julai hapa Lanet unavaa sweta mbili, na mti uliokatwa mizizi kwenye baridi ile hukaa tu bila kufanya lolote hadi uoze. Mwenye kuanza, tena asiyejua mti wake una nguvu kiasi gani, namwomba angoje. Wewe una mikono iliyozoea.

Umetumia chungu gani?

---

Nyar_Kisumu

Nilipita Ilesi, pale kwenye barabara ya Kakamega, kwa akina mama wafinyanzi. Wamezoea kufinyanga vyungu vya maua na vya kupikia, kwa hiyo nilichora kwenye mchanga: kifupi, kipana, matundu matatu, miguu midogo ili maji yatoke. Mama akacheka akasema hicho ni chungu kilichokatwa kichwa. Alikifinyanga hata hivyo, nikakifuata baada ya wiki mbili. Kinapumua vizuri, lakini kwa jua letu kinakauka upesi. Februari namwagilia asubuhi na jioni. Na nilijifunza kutokiweka juu ya saruji, sakafu ya saa nane mchana inapika mizizi. Nimekiinua juu ya mbao.

---

MamaKitalu

Mimi nauza miche, na nimewasoma kimya tangu juzi. Mwalimu, umenifurahisha lakini pia waambie wateja wenu adabu ya kitalu. Watu wanakuja wanafukua shingo za miche kumi, wanaondoka bila kununua na bila kurudisha udongo. Jua linachoma mizizi ile. Ukifukua, funika.

Na ule mche ambao mizizi imezama ardhini, usiung'oe kwa nguvu siku hiyo hiyo. Lipa, kisha mwambie mwenye kitalu akate mizizi ya chini, auache kivulini wiki mbili akiumwagilia, ndipo uje kuuchukua. Ukiung'oa na kuuweka kwenye matatu moja kwa moja, utafika nyumbani umenyauka, halafu mtasema miche yangu ni mibovu.

---

Mwalimu_Lanet

Asante sana mama. La mizizi kukatwa wiki mbili kabla sikulifikiria, na ni kweli kabisa. Na kuhusu kufunika udongo, nimekosea kutolisema mwanzoni. Wote msome hapo juu.

---

KijanaWaBusia

Na mugumo je, nao si wa jamii ya fikasi? Huku mpakani iko mingi, na majani yake ni madogo. Wenzetu wa Uganda wanaiita mutuba, ndiyo wanayobandua gome kutengeneza kitambaa cha lubugo. Gome linarudi, wanabandua tena. Mti wenye moyo kama huo utashindwa na chungu?

---

Mgeni58

Hapo mimi naogopa. Mzee wetu akiona nimekata mugumo, sijui nitamwambia nini. Kwetu Wakikuyu mugumo ni mti wa sala.

---

Mwalimu_Lanet

Wote wawili mna haki. Kijana, kwa upande wa ufundi umesema kweli: mugumo unakubali kukatwa, unatoa mizizi hata kutoka kwenye tawi, na shina lake linanenepa upesi kuliko benjamina.

Mgeni, usimkwaze mzee. Mugumo mkubwa wa kijiji sigusi hata tawi lake, na sitamshauri mtu auguse. Lakini ndege hula tunda, mbegu huangukia kwenye ufa wa ukuta au kwenye mfereji wa paa, mche ukaota pale. Mwenye nyumba ataung'oa autupe, maana utapasua ukuta. Wangu mmoja niliutoa kwenye ukuta wa choo cha zamani kabla haujabomolewa. Nilimweleza mzee mmoja wa kanisa letu nilipoupata. Alikaa akauangalia kwa muda, akaniambia niutunze. Ongea na baba yako kwanza, akikataa, duranta zipo.

---

Mgeni58

Nitamuuliza. Mke wangu naye anauliza kama huku si kuutesa mti, kuukatakata na kuufunga nyaya.

---

Mwalimu_Lanet

Ni swali la haki, na niliwahi kujiuliza usiku ule saiprasi ilipokufa.

Mti unaoteswa hauchipui. Mti huu hunywa kila siku, hupata udongo mpya kila baada ya miaka miwili mitatu, hukaguliwa wadudu jani kwa jani. Kule Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani unaotunzwa kwenye chungu tangu mwaka 1625. Familia ya Yamaki iliutunza Hiroshima, na bomu la 1945 lilipoanguka kilomita chache kutoka hapo, ukuta wa bustani uliukinga. Mwaka 1976 Wajapani waliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyoangusha bomu lile. Bado unachipua. Watu wa vizazi vingi wameumwagilia, kila mmoja akijua ataondoka kabla yake. Mwambie mkeo hivyo, kisha mpe yeye kazi ya kumwagilia. Atakuwa na mkono mwepesi kuliko wako.

Kumwagilia kwenyewe: ingiza kidole hadi kwenye kucha. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Pakiwa na unyevu, acha. Ratiba ya kalenda imeua miti mingi kuliko wadudu.

---

KijanaWaBusia

Nimerudi baada ya wiki saba. Nilipata fikasi, shina nene kama kidole gumba cha mguu, shilingi 200, ilikuwa imeegemezwa nyuma ya choo cha kitalu. Nilikata nikabakiza matawi manne. Wiki mbili haikufanya kitu, nikawa naamka usiku na tochi. Leo nimehesabu machipukizi kumi na moja, na mawili yametoka chini kabisa kwenye shina mahali sikutarajia. Niyaache?

---

Mwalimu_Lanet

Hongera sana! Hayo mawili ya chini usiyaguse. Yaache yarefuke yapendavyo, hata yakizidi mti wenyewe kwa urefu. Yatalinenepesha shina pale chini, na ukishatosheka na unene, utayakata. Mizizi usiiguse hadi masika.

---

Nyar_Kisumu

Machipukizi kumi na moja ndani ya wiki saba! Busia na Kisumu joto letu ni moja, mwalimu, sikusema?

---

Mwalimu_Lanet

Ulisema, dada. Nimeiandika kwenye daftari langu.

---

MamaKitalu

Mwalimu, tangu uzi huu uanze wamekuja vijana sita wakiuliza ya nyuma. Nimeacha kuitupa. Nina duranta tatu za zamani pale kwenye tangi, moja ina mashina mawili yaliyotoka kwenye mguu mmoja, na bogenvilia iliyokanyagwa na punda mwaka jana ikapona imelala upande. Bei ni ile ile.

---

Mwalimu_Lanet

Mama, nakuja Jumamosi asubuhi na mapema. Hiyo duranta ya mashina mawili usimpe mtu. Anza kuikata mizizi leo, nitailipia kwa simu sasa hivi.